Weka Bei, Buda

Tuanze na hii tusi inaitwa "price DM."

Uko keja, saa nne usiku, umelala na mgongo, bundles za mbao zimebaki za kuhesabu. Unascroll. Unaona ndula moja kali, nyeupe, haina hata kamkunjo. Roho inaruka. Unauliza kwa comments, na heshima zote: "Hii ni ngapi?" Msee anajibu: "Check DM." Unaingia DM. Unapata "Hello dear." Dear? Tumejuana lini? Unasema poa. Anauliza uko side gani. Unamshow Umoja, Innercore. Kimya. Dakika kumi. Halafu ndio bei inakuja, imevaa tai.

Na unajua hizo dakika kumi alikuwa anadu nini? Alikuwa kwa profile yako. Anakupima. Anacheki kama wewe ni msee wa thao moja ama msee wa thao mbili na nusu. Kama uliweka ile picha ya harusi ya cuzo Naivasha, umedunga suti ya kuazima na umeegemea Prado ya wenyewe, pole. Umejipandishia bei mwenyewe.

Mimi hutoka hapo mbio. Si kwa ubaya, ni bundles. Na Nairobi yote inatoka na mimi, juu kuna wasee wengine kibao wanauza ndula hiyo hiyo, na mmoja wao ameandika: "1,800. Size 38 hadi 44. Niko Umoja Market. Till hii hapa." Huyo ndiye anakula doo yangu. Hana logo. Hana ring light. Amepiga picha juu ya gunia. Ameuza.

So kama uko na biz mtaani, iwe kinyozi, mtumba, wigs, cake, cyber, hata mayai boilo, na umeanza kuingia online, songa hapa kwa base. Hii risto ni yako. Nikushow nini inauza, nini inakuchomea picha, na nini inakula chapaa yako bure.

Wasee wa "price DM" wakishikwa huwanga na defence. Ya kwanza: "Sitaki competition ione bei." Competition gani, buda? Jirani yako wa stall mlifungua bale pamoja Gikomba kumi na moja asubuhi, mkapigania camera, zile za grade ya kwanza, na viwiko, mkarudi na mat moja. Anajua bei yako kabla wewe ujue. Ya pili: "Comments zikijaa, algorithm inanipush." Hapo kuna kaukweli. Itakupush. Itakupush kwa wasee wengine wengi wa kukuuliza "price?" Post yako itajaa comments kushinda ya gavana, na jioni utaenda home na boxes zile zile ulikuja nazo.

Ya tatu hawasemangi. Ni hiyo ya dakika kumi.

Sasa uliza wazae kuhusu marketing, halafu shika mbavu. Mbuyu wangu anaamini biz bila signboard si biz. Anataka jina la ukoo, "& Sons" kwa mwisho, na "Quality Is Our Motto" chini na rangi nyekundu. Halafu business cards, box mzima. Nitapea nani? Business card mtaani huku nimeiona ikifanya kazi moja tu, na ilikuwa ni kutoa choma kwa meno. Na calendar! Wazae wanapenda calendar mbaya. Ati customer ataona jina lako mwaka mzima. Ataiona hadi March. Kuanzia hapo itakuwa inaziba dirisha.

Na wakiingia online ndio ngori inaanza. Umepost boxers, tatu kwa soo tano, picha imeshika, bei iko, till iko. Comment ya kwanza ni auntie: "Amen. Nimeona umekonda, unakula kweli? Salimia mama." Maua saba na mikono ya kuomba. Na huwezi futa, juu ukifuta atapiga simu, na akipiga simu utaambiwa na mambo ya kuoa. Hawa ndio watu wa kutuma waridi inang'aa kwa family group kila asubuhi, "Good Morning and God Bless," imeforwardiwa mpaka WhatsApp imechoka kuhesabu. Na ndio wanataka kukufunza content.

Tusonge. WhatsApp.

WhatsApp Business iliingia 2018. Ni ya bure. Na bado kuna wasee wanauza na account ya kawaida: status ya kwanza ni jeans, ya pili ni jeans, ya tatu analilia ex, ya nne ni jeans. Customer anashindwa kama akupee doo ama akupee pole. Toa hizo vitu mbili kwa nyumba moja. Pata line ya biz, weka catalogue, na kwa catalogue, nisamehe nikirudia, weka bei. Kuna mahali yake kabisa. Wameandika "price." Wasee wanaruka hiyo box na wanaandika kwa description "inbox." Niko inbox tayari, mzee! Unataka niingie wapi tena?

Status ndio duka lako la jioni, lakini kuna siri wasee hawashiki. Status yako inaonekana na msee mkiwa mmesaviana number. Yeye akusave, wewe umsave. Akikosa kukusave, unaonyesha ukuta. Broadcast list pia iko hivyo: inabeba watu 256, lakini msee ambaye hajakusave haimfikii. So ile siku customer ameshika mali na amefurahi, kabla boda haijatoka, mshow: "Nisave hapo, mali ikiingia uone wa kwanza." Hapo ndio kazi iko. Si kuadd watu kwa group saa tano usiku bila kuwauliza. Umeona hiyo? Group inaitwa "Trendy Fits Official." Dakika moja: left. Left. Left. Mwalimu wako wa Sunday school: left. Aibu ndogo ndogo, na imeandikwa kwa screen kila mtu aone.

Na usipost vitu arobaini. Zile mistari za juu ya status zikigeuka nukta nukta, msee anakumute hata kama ni bro yako. Post chache, kuanzia kumi na moja jioni, wakati Jogoo Road imesimama na watu wote kwa mat wameinamisha kichwa. Wasee wa ofisi wamechoka, wako na doo kidogo na hawana pa kwenda. Hapo ndio mtu hununuanga wig.

TikTok nayo ni ligi ingine. 2023 Reuters Institute waliuliza watu kwa nchi 46 vile wanatumia socials, na Kenya ikatoka juu kwa TikTok: 54% walisema wako ndani. August ya mwaka huo huo, kuna msee akabeba petition hadi bunge ati app ipigwe ban, inaharibu watoto. Wazae wakapiga makofi. Mama mboga akaendelea na live.

Uzuri ya TikTok ni hii: haijali una followers wangapi. Video yako inaweza onyeshwa watu hawakujui kabisa. Ubaya ya TikTok ni hiyo hiyo. Inaweza kupeleka Mombasa, Mwanza, hadi kwa msee wa Doha anakuambia "nice one bro" na hawezi nunua smokie yako leo wala kesho.

Speaking of smokie. Kuna jamaa wa trolley hapa kwetu stage, namheshimu kuliko agency zote za Westlands. Simu yake ni ya kawaida, kioo imepasuka kona. Anaiegemeza kwa chupa ya tomato sauce. Haongei. Kisu inapita katikati ya smokie, inafunguka, mvuke inatoka moja kwa moja hadi kwa lens. Kijiko ya kachumbari inaingia, dhania inaonekana, pilipili inaonekana, tone moja ya sauce inaanguka kando na anaiacha hapo. Anatandaza chapo. Anaweka, anakunja, anafunga na karatasi. Unasikia hata hiyo karatasi. Halafu anageuza simu pole pole kwa ubao wa trolley: smokie 40, smocha 80, till, na "Stage, next to mpesa." Imeisha. Haijafika hata nusu dakika. Umeona chakula, umeona bei, umejua unaenda wapi. Mate inakutoka na umeshatoa slippers chini ya kitanda.

Sasa cheki msee wa cakes. Anaanza: "Hi guys, welcome back to my channel." Back? Tulikuwa lini? Anaongea hadi umesahau alikuwa anauza nini. Anashukuru Mungu, anashukuru mathe, anashukuru followers 84. Cake inatokea mwisho, sekunde mbili, imepigwa na flash, inakaa imeshtuka. Bei? Unajua jibu. Tusiongee.

Video ya kuuza inaanza na kitu inauzwa. Sura yako itangoja. Na kabla ukimbie kugeuza account iwe ya business juu umeona button, jua TikTok itakunyang'anya ngoma za trend. Account ya biz inaruhusiwa tu zile ngoma za library yao ya commercial, zile zinasound kama lift ya hoteli. Wasee wengi mtaani wanabaki na account ya kawaida juu ya hiyo tu, na siwalaumu. Live nayo mostly wanataka ufike followers 1,000 kwanza. Ukifika, nunua token kabla uwashe. Seriously. Nimeona msee yuko live, watu wamejaa, anaonyesha viatu, "hii ni ya mwisho jamani, nani anaichukua," halafu giza. Stima imeenda na yeye. Token zilikuwa zimeisha. Waliobaki wakaanza kuuziana wenyewe kwa comments.

Picha sasa. Wasee wanaskizana ati lazima ring light, lazima backdrop, lazima iPhone. Lazima nini? Panda rooftop, pale nguo zinaanikwa, saa mbili asubuhi, jua bado iko na adabu. Hiyo light hakuna studio inakuuzia. Lakini geuka ucheki nyuma! Kuna dem alikuwa anauza perfume za thao nne, bottle iko focus, nails zimefanywa, na nyuma yake kuna boxers za mtu, moja iko na shimo, inapepea kama bendera ya taifa. Hakuna mtu aliuliza perfume. Watu waliuliza boxers ni za nani.

Na usiibe picha Shein ama Pinterest. Hiyo dress imevaliwa na model wa majuu, customer anajua, wewe unajua. Halafu unamletea kitu inafanana na neti ya mbu. Atapost "what I ordered, what I got," na hiyo ndio siku yako ya kwanza kutrend. Piga picha mali yako, hata kama imekunjika. Mali iko hapo kwa mkono inauza kushinda mali iko kwa ndoto.

Twende kwa vitu za kukula doo. Boost.

Hiyo button ya blue ya Facebook na Instagram inakaa innocent. "Boost post, reach more people." Tangu 2022 M-Pesa iko na GlobalPay, kadi ya Visa ndani ya simu, so hata ile excuse ya "sina card" iliisha. Unabonyeza, chapaa inatoka, na juu yake unaongezwa VAT 16%. Fiti. Lakini ulishow hiyo kitu iende wapi? Beshte yangu wa kinyozi aliboost fade yake, safi kabisa, line imechorwa na ruler. Location akaacha "Kenya." Likes zikaingia, akatembea mtaa mzima na simu juu. Tukafungua kuona ni akina nani. Lodwar. Wajir. Msee mmoja wa Mbita ameandika "nakuja." Kutoka Mbita? Kunyolewa? Weka pin kwa duka, chora duara ya kilomita chache, na uwachie hapo. Kinyozi ya Umoja inataka watu wa Umoja, Donholm, Tena, na wale wa Kayole wanapitia hapo wakienda kazi. Turkana wako na vinyozi zao.

Na ukiwa huna bei kwa post, usiboost. Unalipa doo ndio watu wengi zaidi waulize "price?"

Influencers nao. Wueh. Zamani msee akiwa famous mtaani ulikuwa unampea soda. Siku hizi anakutumia rate card. PDF! Cover page iko na picha yake ameangalia kando. "One story mention," "one reel," "one reel plus usage rights." Usage rights za nini, unauza chapo? Na bei yake inatosha kununua jiko ya pili. Halafu anapost saa tisa usiku, anaspell jina lako vibaya, anaweka handle ya mwingine. Ukitaka kulipa mtu, ingia comments zake kwanza. Ukipata ni "nice pic dear" mia mbili, na wote hawana sura, hao followers alinunua. Tafuta yule msee mdogo wa mtaa ana followers elfu tatu, na watu wanabishana na yeye kila post. Mpe sahani ya pilau. Atakuletea watu wanatembea na miguu.

Kwanza kutrend na kuuza si ndugu. Unakumbuka 8 August 2017, siku ya kura? Msee kwa foleni, githeri kwa nylon, anajitafunia zake. Picha moja. Nchi ikasimama. Githeri Man akawa kwa kila meme, akapata deals, December akapewa hadi heshima ya Rais. Sasa niambie: hiyo githeri iliuzwa na nani? Ehe. Mtu ndiye alipika hiyo kitu, akaipima, akaifunga kwa nylon, product placement kubwa kuliko zote historia ya Kenya. Hakuna till, hakuna jina. Nylon ilikuwa plain.

Okay, customer amekubali. Amesema "nachukua." Usifurahi bado.

Mali inalipiwa wapi? Kama unampea number yako ya kawaida na unadaiwa Fuliza, umekwisha. Anatuma 1,800, simu inalia, unafungua na tabasamu, balance inasoma 240. Fuliza imekula, juu doo ikiingia hapo deni inajilipa kwanza. Mali ya watu hujanunua, boda anangoja na engine inanguruma. Pata till, ama Pochi la Biashara kama biz ni ndogo. Doo ya biz ikae kwake, doo ya chapo ikae kwake. Na kwa Pochi, ule msee wa kupokea mzigo halafu anaforward message kwa 456 ndio areverse anapata kazi ngumu. Akikuonyesha SMS kwa simu yake ati ametuma, mpongeze, halafu cheki balance yako. Kuna wasee wako na ile message ya "confirmed" wametype wenyewe, na spelling iko sawa kuliko ya Safaricom.

Delivery ndio inatenganisha wanaume na watoto. Nairobi ni jiji ya kukula fare, hiyo unajua, na customers wamebeba hiyo tabia hadi kwa biz. "Niko njiani." Yuko kwa kitanda. "Nipatie dakika tano." Amezima simu. Rider wako amesimama Roysambu na wig kwa bag, jua inawaka. So: fare ya boda inatumwa kwanza. Mali unaweza lipa ukiishika, hapo tunaelewana, sisi si wanyama. Lakini fare kwanza. Msee akikataa kutuma soo mbili ya boda, hakuwa atume thao mbili ya mali. Ya ocha peleka kwa mat, piga picha ya number plate, chukua number ya parcel na ya conductor, tuma zote kwa customer mara moja. Hapo umetoka kwa "scammer" umekuwa "huyo msee ako serious."

Kitu moja wasee wanasleep on ni Google Maps. Inakaa ya wazae, ndio maana hakuna mtu anaringa nayo. Lakini msee amehamia mtaa jana, kichwa imejaa msitu, anaandika "kinyozi near me." Hatafuti TikTok. Anataka pin. Kufungua profile ya biz pale Google ni bure, wanaweza kuambia urekodi video ya duka wajue si hewa. Weka masaa ya ukweli. Weka picha ya mlango, juu address zetu ni "opposite ile mti, uliza watu wa boda." Halafu omba customers reviews ukiwa bado umeshika kioo nyuma ya kichwa yao. Review za ukweli, tafadhali. Kuna duka iko na reviews nne, tatu zimeandikwa na jina moja la ukoo, na moja inasema: "Very hardworking boy, God bless, nimeona umekonda."

Auntie! Hata Maps?

Na usiweke biz yote kwa app moja. 4 October 2021, jioni, kitu saa moja kasorobo, Facebook, Instagram na WhatsApp zilianguka pamoja, dunia mzima, karibu masaa sita. Kwetu hiyo ndio ilikuwa prime time. Mtu alikuwa ameitisha stock, ameahidi watu, na orodha ya customers iko ndani ya chats haziwezi funguka. Wasee wakaenda Twitter kulia. Wenye walikuwa wameandika number za customers kwa exercise book, ile ya squares, walituma SMS na wakauza. Hiyo book ni mbao tano dukani. Andika jina, number, size ya kiatu, na kama hulipa haraka ama husumbua.

Twitter yenyewe, samahani, X, bado tunaifanyianga ile dua yetu: "Please RT, my customer could be on your TL." Inafanya kazi, sitadanganya, hasa ukiwa na picha mzuri na, ndio, bei. Lakini ukiweka hiyo chini ya tweet ya msiba wa mtu, KOT watakuchoma hadi ubadilishe jina ya biz. Soma rada kwanza.

Nimemaliza zote? Bado moja, ya reply. Customer wa usiku ndiye customer. Ameona status saa tano, ameuliza "size 41 iko?" Ukijibu kesho saa nne asubuhi na "Hi dear, yes available," ashanunua kwa mwingine na ashaivaa job. Kwa Marketplace ya Facebook ndio mbaya zaidi, pale watu wanabonyeza ile "Is this still available?" na kidole imelala. Unajibu iko. Wanapotea milele. Jibu tu. Jibu na bei, place na "nikushikie hadi kesho saa sita?" kwa message moja. Usimwachie nafasi ya kufikiria sana. Na "mwisho ngapi?" lazima itakuja, hiyo ni desturi yetu, so bei yako ikae na kaspace ya soo moja ya kushuka, msee aende akijiskia ameshinda.

Sasa ikianza kuwaka, zima kiherehere. Kuna hii tabia ya kupost screenshot ya till, "God did, six figures this month, started with nothing," na emoji za kulia. Unaambia nani? Tangu 2023 turnover tax ni 3% ya mauzo, ukiuza kati ya milioni moja na milioni 25 kwa mwaka. Milioni moja inakaa mbali, lakini piga hesabu: ni kama 2,740 kwa siku. Smokie sabini za finje kasoro ashu. Jamaa wetu wa trolley anaeza fika hapo kabla ya lunch siku ya mechi. Lipa yako ukifika, lakini kuwaletea evidence imeeditiwa na CapCut na iko na ngoma nyuma, hiyo ni kujitolea sana. KRA pia wako na simu. Kanjo pia wako na bundles, so ukigo live ukionyesha hadi corner umeweka mali bila permit, usishangae lori ikikuja ikijua njia.

Msee akiuliza kwa comments biz inaendaje, Nairobi yote iko na jibu moja: "Tunasukuma tu." Andika hivyo hata kama jana umelipia stall ya tatu Utawala.